Dawa Yangu Mfukoni mwa Marehemu

Walionitukana wiki iliyopita nimewasikia. Mhariri amenisomea ujumbe wenu wote. Yupo aliyesema nipigwe mawe, na yupo aliyesema niombewe. Wa mawe na wa maombi wote mmenunua gazeti tena leo, kwa hiyo kaeni kitako tuendelee.

Kwa aliyenikosa: naitwa Silvano, mzaliwa wa Masasi. Mjomba wangu Anselmo, mwalimu wa dini, alinifukuza nyumbani alipojua kwamba najiuza kwa wanaume. Nikapanda Newala, nikapanga chumba, nikaendelea na kazi ile ile, maana mjomba alinifukuza bila kunionyesha nyingine. Mradi wa Ngao ukanikuta huko. Ukanipima, ukaniambia ni mzima, ukanipa dawa kinga, kidonge kimoja kila siku ili virusi visinipate.

Wiki iliyopita niliishia pale dawa hiyo ilipoibwa chumbani kwangu, nami nikamshika shati rafiki yangu Awadhi mbele ya watu sokoni, namwita mwizi. Kumbe mwizi nilikuwa namfungulia mlango mwenyewe.

Niwaambie kwanza jinsi dawa ilivyokuwa imefungashwa, maana balaa lote limeanzia hapo.

Makopo tuliyopewa na mradi yalikuwa yale yale wanayopewa watu walioathirika, wale wa dozi ya kufubaza virusi. Rangi ile ile, kifuniko kile kile. Ukitembea nalo mfukoni linalia chaka chaka, na Newala nzima inaujua mlio huo. Tulimweleza mratibu wetu, Bwana Stefano, kwenye semina.

"Bwana Stefano, haya makopo yanatutangaza."

"Yanawatangaza vipi wakati nyie ni wazima?"

"Watu hawaoni uzima. Wanaona kopo."

Bwana Stefano alivuta kizibao chake chenye nembo ya mradi, akatikisa kichwa kwa busara. "Hoja nzuri sana. Nitaipeleka juu."

Huko juu kwake sijui kuna nini, maana hoja zetu zote zilipanda na haikuteremka hata moja. Tulipewa soda na keki, tukapigwa picha migongo, tukaambiwa sisi ni wadau. Kaka poa wa Newala, sisi tunaojiuza, tumekuwa wadau! Mjomba Anselmo angesikia angezimia.

Nikaamua mwenyewe. Nikamimina vidonge kwenye kopo tupu la kiwi ya viatu, nikatoboa kifuniko kwa msumari, eti dawa ipate hewa. Kopo nikaliweka chini ya mto. Nani atashangaa kijana mtanashati kuwa na kiwi?

Likaibwa. Awadhi ndiye mtu pekee aliyejua siri ya kopo lile, naye pia ni kaka poa, na wote wawili mradi ulitufanya waelimisha rika, wa kuwafundisha wenzetu kujikinga. Mlitaka nimshuku nani? Nikamshika shati, likachanika. Akaniangalia tu, akaondoka na kipande cha shati kikining'inia.

Nikaenda kwa Bwana Stefano kuomba dawa nyingine.

"Dawa za wafadhili unazipotezaje?"

"Nimeibiwa."

"Nani aibe dawa ya kinga, Silvano? Kuwa mkweli. Umeuza?"

"Nimeibiwa, bwana."

"Basi rudi mzunguko ujao."

"Na kazi nisimame mpaka mzunguko ujao?"

"Tumia kondomu."

"Zimekuja?"

"Zipo njiani."

Zilikuwa njiani tangu mikorosho ilipochanua. Korosho zikakomaa, zikaokotwa, zikauzwa, kondomu bado zipo njiani. Nikatoka ofisini kwake nikiwa sina dawa wala mpira, ila nina kofia mpya imeandikwa "Jilinde."

Sasa tuje kwa Mzee Christopher.

Mzee Christopher, au Baba Witness kama walivyomwita kwa jina la binti yake, alikuwa mzee wa kanisa. Pia alikuwa mwenye tangi. Mnaoishi kwenye mabomba hamtaelewa. Newala mtu anaweza kukosa vyote akaheshimiwa, lakini mwenye tangi la saruji lenye maji mwaka mzima, huyo hata mchungaji humsalimia kwa kuinama. Tangi la Baba Witness lilikusanya maji ya mvua ya bati za nyumba mbili. Watu walipanga foleni na madumu yao tangu alfajiri, na yeye anawatukana mmoja mmoja.

Huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa. Na alinilipa maji.

Msicheke. Majirani zangu walikuwa wakioga kwa kikombe, mimi nafua mashuka. Mkokoteni ulikuja na madumu mpaka mlangoni. Watu waliambiwa kwamba mimi ni mlinzi wa tangi na maji ndiyo mshahara wangu, wakaamini, kwa sababu mzee wa kanisa kasema.

Nilipoishiwa kinga nilimwomba tusubiri, ingawa habari ya dawa sikuitaja. Nilisema, "Mzee, tungojee kidogo, au ulete mpira."

Alikunja uso. "Mimi mzee wa kanisa, unaniona mchafu?"

Nikayatazama madumu yaliyopangwa pembeni ya mlango. Nikamkaribisha ndani. Ndiyo, kwa ajili ya maji. Mnaotaka kuokota mawe, okoteni sasa.

Baadaye mzee akaanza kukonda. Shati likawa linamvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Nyumbani kwake wakasema ni vidonda vya tumbo. Kwenye foleni ya maji wakasema karogwa kwa sababu ya tangi. Mimi, mwelimisha rika mwenye cheti, niliyekariri dalili zote na kuwafundisha wenzangu, niliamini vidonda vya tumbo. Mtu huamini linalomfaa.

Akafa.

Nilikwenda msibani kama mlinzi wa tangi. Nikakaa na wanaume, nikainamisha kichwa, nikavaa uso wa huzuni. Huzuni yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa nawaza ufunguo wa tangi atapewa nani.

Jeneza likiwa tayari sebuleni, waombolezaji wamenyamaza kungojea sala, zikasikika kelele uani. Watani wamefika. Ukoo wa akina Awadhi na ukoo wa marehemu ni watani tangu enzi za babu zao, na siku ya msiba mtani huvaa nguo za marehemu, hudai alipwe kwa kila alichoshika, na husema atakalo. Anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Awadhi akatokea mlangoni kavaa koti la marehemu. Lile lile la kijivu alilolivaa kanisani, na kofia yake juu. Mkono mmoja nyuma ya mgongo, tumbo mbele, anatembea kama Baba Witness mtupu.

"Pangeni mstari!" alifoka kwa sauti ya marehemu. "Nani kakwambia utangulize ndoo? Maji haya ni ya baba yako?"

Watu wakaangua kicheko. Hata akina mama waliokuwa wakilia walifuta machozi wakacheka. Katekista alijishika mbavu.

"Na wewe!" akamwonyesha kidole mzee mmoja. "Sadaka Jumapili hutoi, maji Jumatatu unataka! Utakunywa jasho!"

Kicheko. Mimi pia nilicheka, maana mwigo ulikuwa mzuri kuliko mtu mwenyewe.

Kisha Awadhi akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu, akakitikisa. Chaka chaka chaka. Akaanza kukichezea ngoma, kiuno kinakwenda huku na huku mbele ya jeneza, watani wenzake wanampigia makofi.

Lilikuwa kopo la kiwi.

Nikajiambia makopo ya kiwi yako mengi duniani. Lakini Awadhi naye akasimama ghafla. Alikuwa ameliinua juu na mwanga wa dirisha ukaangukia tundu la msumari kwenye kifuniko. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Kisha akainua macho, akanitafuta katikati ya wanaume, akanipata.

Nilimwomba kwa macho. Nilimwomba kwa vile mtu anavyoweza kuomba bila kufumbua mdomo. Nilikuwa nimemchania shati sokoni, na sasa yeye ana koti la marehemu, ana kopo, na ana ruhusa ya kusema lolote.

"Jamani wafiwa!" akapaza sauti. "Mwizi kapatikana!"

"Nani?" watani wakaitikia.

"Huyu mnayetaka kumzika! Kaiba dawa ya Silvano, nikashikwa shati mimi! Hatoki mtu humu mpaka nilipwe shati langu!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko.

"Dawa ya nini?" mtani mmoja akadakia.

"Muulizeni Silvano! Na mumuulize tena, kopo lilikuwa chini ya mto wake. Mzee wa kanisa alifikaje chini ya mto wa Silvano?"

Watu walilala chini kwa kucheka. Katekista alitoa leso, akapangusa macho. Jirani yangu alinipiga bega, akasema, "Huyu Awadhi atatuua!" Ukweli wangu wote ulikuwa umesemwa mbele ya kanisa na mtaa mzima, neno kwa neno, na hakuna aliyeusadiki. Watu gani hawa? Ukiwanong'oneza uongo wanaubeba mpaka Tandahimba, ukiwapigia kelele za kweli wanacheka.

Nilianza kupumua. Ndipo nikamwona Mama Witness.

Mjane alikuwa amekaa mkekani karibu na jeneza. Hakucheka. Aliinuka polepole, akanyoosha mkono.

"Awadhi, lete hilo kopo."

"Halitoki bila kuku!"

"Mpeni kuku."

Kuku akaletwa, Awadhi akatoa kopo. Mama Witness alilifumbata mkononi mpaka makaburini, na udongo alitupia kwa mkono mwingine.

Tuliporudi, Awadhi alipita karibu yangu na kuku wake kwapani. "Mwizi wako tumemfukia," alisema. "Shati langu bado." Akaondoka. Hakuonekana kufurahi.

Haukupita muda nikaitwa nyuma ya nyumba, kwenye tangi. Mama Witness alikuwa peke yake.

"Shikamoo, Mama Witness."

Hakuitikia. Alifumbua kiganja. "Hili lako?"

"Mama, Awadhi alikuwa anatania."

"Sikukuuliza ya Awadhi. Hili ni lako?"

"Ni langu."

"Alikuwa akimeza asubuhi na jioni. Nilipomuuliza kwa nini anameza dawa ya kwenye kopo la kiwi, aliniambia ameipata kwa mtu mwenye ugonjwa kama wake. Akaniambia mtu huyo ndiye aliyempa."

"Aliyempa dawa?"

"Aliyempa ugonjwa."

Nikashika ukuta wa tangi.

"Mama, mimi si mgonjwa. Hiyo ni dawa ya wazima."

"Mzima anameza dawa ya nini?"

"Ili asiugue. Hawakupi mpaka wakupime kwanza, wakukute huna."

"Na mgonjwa akiimeza?"

"Haimtoshi. Mgonjwa ana dozi yake, kamili, iko hospitali. Wanaitoa bure."

"Bure?"

"Bure, mama."

Mama Witness alikaa chini, pale pale kwenye tope la wachota maji, na kanga yake nyeusi ya msiba. "Yaani angetoka hapa akaenda pale tu..."

"Leo angekuwa anapanga watu mstari."

Nilitaka kuuma ulimi, lakini lilikuwa limetoka. Alifunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko alichokikosa mbele ya jeneza, na hakikupendeza kukisikia.

"Aliogopa kuonekana kwenye dirisha la dawa hospitali," alisema. "Mzee wa kanisa akaona afadhali aibe."

Ndipo lile lililobaki likaniingia. Baba Witness aliona vidonge chini ya mto wangu, akaamua kwamba mimi ni mwathirika kama yeye. Ndiyo maana hakutaka mpira. Alinihesabu mtu aliyekwisha kuharibika, ambaye hana tena cha kulinda. Usiku anachukua mwili wangu, asubuhi anachukua kinga yangu, na moyoni anajiona kanionea huruma kwa kuniletea madumu. Iliniuma. Nimedharauliwa na watu wengi katika kazi hii, lakini dharau ile ilinifikia kwenye mfupa.

"Mama, hukuwahi kushuku?" niliuliza.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto mjinga kuliko wote Newala. "Madumu yako nani alikuwa anayajaza?"

Nikalitazama tangi.

"Nilijaza mimi. Nilipandisha kwenye mkokoteni mimi. Eti mlinzi wa tangi. Tangi liko huku, mlinzi analala kule, anapelekewa maji!"

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Mchungaji? Anachota hapa hapa."

Akainuka, akakung'uta tope. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Sasa sikiliza, Silvano. Tutakwenda kupima, mimi na wewe, siku moja, chumba kimoja. Nikikuta na wewe unao, nitajua mume wangu alisema kweli. Ukikataa, siku ya kuondoa matanga nitasimama mbele ya watu niseme alichosema Awadhi. Mimi si mtani. Mimi watanisadiki."

"Na ukikutwa unao wewe, mimi sina?"

Alilifumbata kopo. "Basi nitajua nililala na mwongo maisha yangu yote, na wa kumlaumu nimeshamfukia."

Nilikubali. Mlifikiri ningefanya nini? Mtaa ule ungenichoma na godoro langu.

Nikaona nijaribu njia ya mkato. Nikaenda tena kwa Bwana Stefano. Nilimkuta anapangusa vumbi kwenye bango la mradi.

"Bwana Stefano, nina mtu anataka kupimwa kwa siri. Mama mmoja, kafiwa na mume. Mume alikuwa mteja wangu."

"Huyo si mlengwa wetu."

"Lakini ugonjwa wake huenda umepitia kwetu."

"Naelewa. Ila yeye ni kundi la akina mama. Akina mama walikuwa na mradi wao, umekwisha."

"Kwa hiyo afanyeje?"

"Aende hospitali kama wananchi wengine." Kisha akakumbuka kitu, uso ukang'aa. "Huyo mteja aliyefariki, ulikuwa umemfikia na elimu?"

"Nilimfikia."

"Safi sana, Silvano. Endelea hivyo hivyo."

Nilitoka kabla sijamvunjia bango kichwani.

Hospitali ya Newala Mama Witness hakutaka kuisikia. Kila nesi pale amewahi kupanga foleni kwenye tangi lake. Matanga yalipoondolewa, akatangaza kwamba anakwenda Masasi kumwona ndugu mgonjwa, na mlinzi wa tangi atamsindikiza. Watu wakanisifu kwa moyo mwema. Mimi nilikuwa nimeapa kutokanyaga Masasi kwa sababu ya mjomba. Mama Witness alisema aibu yangu ya Masasi ni ndogo kuliko yake ya Newala, tukapanda gari.

Tulikipata kituo cha afya ambako hatujulikani. Tukapokewa na nesi kijana, mchangamfu, jina lake Ethel.

"Karibuni. Ni mama na mwanawe?"

"Hapana," alisema Mama Witness. "Huyu ni mke mwenzangu."

Nesi Ethel alicheka mpaka akashika meza. "Mama nawe una utani! Haya, mke mdogo, lete kidole."

Nilimpa kidole. Nchi hii ukweli ukiusema waziwazi unapewa kiti na watu wanacheka. Alinitoboa, akakamua tone la damu, akamtoboa na mama.

"Majibu mnapokea pamoja, au kila mmoja peke yake?"

"Peke yake," nikasema.

"Pamoja," akasema Mama Witness. "Ndivyo tulivyokubaliana."

"Mnakubaliana wote?" nesi aliniuliza mimi.

Nikatikisa kichwa kukubali. Tukaambiwa tukae kwenye benchi nje.

Kisha Mama Witness, akitazama ukuta, akauliza, "Ukiambiwa unao, utaimeza kweli hiyo dozi?"

"Nitaimeza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mtu anaishi nayo mpaka anazeeka, mama. Nimewafundisha watu hilo, na hilo ni kweli."

"Mimi nitamwambia nini Witness?" Binti yake ni mwalimu mkoani Lindi, na hakuna aliyemweleza lolote zaidi ya vidonda vya tumbo. "Nitamwambia baba yake alikufa kwa kuona haya?"

Nimewadharau watu wengi katika mkasa huu, na wengi wamestahili. Lakini mwanamke yule, na kiganja chake chenye sugu za kamba ya ndoo, nilishindwa kumdharau, na ilinisumbua, maana nilishazoea. Nilimwonea huruma. Nilijionea mwenyewe zaidi.

Tukaitwa ndani.

Nesi Ethel hakuwa anacheka tena. Alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa karibu yetu, viganja vyake juu ya magoti. Naujua ukaaji huo. Nimefundishwa semina nzima jinsi ya kukaa hivyo.

"Nimerudia kipimo ili niwe na hakika," alisema. "Ninachotaka mfahamu kwanza ni kwamba dawa zipo, na atakayeanza leo ataishi. Majibu yenu hayakufanana."

Mama Witness alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu, kama ndugu.

Sijawahi kumwomba Mungu kwa dhati, hata nilipokuwa naimba kwaya ya mjomba. Niliomba pale. Niliomba iwe ni yeye. Mama wa watu, mjane, aliyejaza madumu yangu kwa mikono yake, niliomba kwa moyo wangu wote iwe ni yeye.

Nikageuka kumtazama. Macho ameyafumba, midomo inacheza bila sauti, na mkono bado kanishika. Nikajua anaomba nini.

"Nianze na nani?" nesi akauliza.

Tukajibu wote wawili kwa pamoja.

"Anza na huyu."